Mazao Yaliyobadilishwa Vinasaba: Maelezo kwa Familia

Kwenye baadhi ya pakiti za chakula katika maduka ya Marekani huonekana alama ya duara yenye neno "Bioengineered". Maana yake ni kwamba chakula hicho, au kiungo chake kimojawapo, kimetokana na zao lililobadilishwa vinasaba, maarufu kwa jina la GMO. Wapo wazazi wanaoiona alama hiyo wakakirudisha chakula kwenye rafu, na wapo waliopokea ujumbe wa simu usemao kwamba chakula hicho huleta utasa. Waraka huu unaeleza yanayojulikana, yanayobishaniwa, na yanayofaa kufanywa.

Vinasaba hubadilishwaje?

Vinasaba ni maelekezo yaliyomo ndani ya kila kiumbe hai, yanayoamua umbo lake na tabia zake. Tangu kale wakulima wamekuwa wakichagua mbegu bora na kuzichanganya. Katika njia hii mpya, mtaalamu huchukua kinasaba kimoja mahsusi, pengine cha kiumbe cha aina nyingine kabisa, akakipandikiza katika mmea. Kwa mfano, yapo mahindi yaliyotiwa kinasaba cha bakteria wa udongoni ili yajitengenezee protini inayowaua viwavi wanaotoboa mabua. Mkulima wa mahindi hayo huhitaji kupulizia dawa kidogo zaidi ya wadudu. Leo zaidi ya asilimia 90 ya mahindi na soya zinazolimwa Marekani ni za mbegu zilizobadilishwa.

Mfano wa papai la Hawaii

Mwaka 1992 kirusi kinachoacha madoa ya pete kwenye mapapai kiligunduliwa Puna, wilaya iliyokuwa ikitoa sehemu kubwa ya mapapai ya Hawaii. Miti iliyougua ilikatwa, lakini maradhi yalizidi kuenea, na katika miaka michache mavuno ya Puna yalishuka kwa karibu nusu. Mtaalamu Dennis Gonsalves, mzaliwa wa Hawaii, pamoja na wenzake walitia katika mpapai kipande cha kinasaba cha kirusi chenyewe, na mti ukapata kinga. Mbegu zilianza kugawiwa wakulima mwaka 1998, na kilimo hicho kikanusurika.

Hata hivyo, ubishi haukuisha. Japani, mnunuzi mkubwa, haikuyaruhusu mapapai hayo hadi mwaka 2011. Wakulima wa kilimo hai walilalamika kwamba chavua kutoka mashamba ya jirani ingeingia katika mipapai yao. Zaidi ya mara moja, watu wasiojulikana walivamia mashamba usiku na kukata maelfu ya mipapai.

Je, ni salama kuliwa?

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba vyakula vya aina hii vilivyomo katika soko la kimataifa vimepimwa usalama wake, na havielekei kuhatarisha afya. Mwaka 2016, Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ilipitia mamia ya tafiti, isipate ushahidi kwamba vyakula hivyo vina madhara zaidi ya vile vya kawaida. Vinasaba vya chakula humeng'enywa tumboni. Havigeuzi vinasaba vya mlaji.

Tahadhari moja ni ya kweli: kinasaba kinaweza kuhamisha kitu kinacholeta mzio. Katika miaka ya 1990, soya iliyotiwa kinasaba cha kokwa ya Brazili ilipopimwa, ilibainika kuwa ingewadhuru wenye mzio wa kokwa hiyo. Soya hiyo haikuuzwa kamwe. Kwa sababu hiyo, kila zao jipya hupimwa peke yake.

Ubishi uko wapi hasa?

Sehemu kubwa ya ubishi ni ya shambani. Baadhi ya mazao yametengenezwa yastahimili dawa ya magugu iitwayo glaifoseti. Mwaka 2015, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka dawa hiyo katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani, ilhali mamlaka ya mazingira ya Marekani haikubaliani na hukumu hiyo. Aidha, magugu mengine yamekuwa sugu.

Suala jingine ni umiliki wa mbegu. Mwaka 2013, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mkulima hawezi kuzalisha upya mbegu zenye hataza bila ya idhini ya mwenye hataza. Kenya nayo ilipiga marufuku uingizaji wa vyakula hivi mwaka 2012, ikaiondoa marufuku hiyo mwaka 2022, na mashauri yakafuata mahakamani.

Yanayofaa kufanywa

• Alama hiyo ni taarifa ya jinsi chakula kilivyopatikana, na kutoa taarifa hiyo ni lazima tangu Januari 1, 2022. Si onyo la hatari. Mikahawa hailazimiki kuitoa.

• Asiyependa vyakula hivi atafute alama ya "USDA Organic", kwani kilimo hicho hakiruhusu mbegu hizo. Bei yake aghalabu huwa juu, na familia isijinyime mboga na matunda kwa sababu hiyo.

• Alama hiyo haisemi lolote kuhusu uhalali wa chakula kidini. Mwislamu aangalie alama ya halali, na penye shaka awaulize wanavyuoni.

• Maziwa ya kopo ya mtoto yasiachwe wala kuzidishiwa maji kwa hofu ya alama hii. Kwanza aulizwe daktari.

• Mwenye mzio asome orodha ya viungo kila anaponunua.

• Matunda na mboga za aina zote zioshwe kwa maji yanayotiririka.

Mwenye swali amwulize daktari au muuguzi wake, na anaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili.