Utangulizi: Bega la Mrusha Mkuki

Kabla hujafungua kitabu, mlaze mrusha mkuki chali. Mkono wa kurushia utandaze pembeni, usawa wa bega, kiwiko ukikunje vidole vielekee darini. Bega likandamize kwa kiganja, kombe la mkono lisiinuke. Likiinuka, kipimo chote ni uongo. Sasa uelekeze mkono kichwani: unalala mbali kupita ulivyotegemea. Uelekeze miguuni: unagoma mapema.

Wengi wetu, tukiona mgomo huo, hukimbilia kunyoosha. Ngoja kwanza.

Mtoto huzaliwa mfupa wa mkono wa juu ukiwa umejipinda kwenda nyuma, na anapokua hunyooka polepole. Anayerusha sana tangu utotoni huchelewesha kunyooka huko. Ndiyo maana bega lake huzidi kuzunguka nje, kuelekea kichwani, na kupungua ndani, kuelekea miguuni, bila ugonjwa wowote. Tuseme kulia ni nyuzi 115 nje na 45 ndani, kushoto 95 na 65. Jumlisha: 160 kila upande. Hapo hapana kilichopotea, na mfupa haunyooshwi kwa mikono yako. Lakini kulia kukisoma 115 na 25, nyuzi 20 zimekwenda, na hizo ndizo kazi yetu.

Zimekwenda wapi? Julius Yego alipotwaa ubingwa wa dunia Beijing mwaka 2015 kwa mita 92.72, mkuki ulishaondoka ila mkono ulikuwa bado unakimbia. Misuli ya nyuma ya bega ndiyo inayoufungia breki. Mwaka baada ya mwaka, misuli hiyo hukaza, na mfuko wa kiungo upande wa nyuma huweza kuwa mnene.

Tiba yake ni ya upole: mchezaji alalie ubavu wa upande huo, mkono mbele yake, kiwiko kikiwa kimekunjwa, na kwa mkono wa pili asukume kifundo cha mkono kuelekea kitandani, sekunde 30. Maumivu mbele ya bega yakitokea, aache. Kombe la mkono, kiuno na miguu navyo vina sura zao humu, kwani nguvu ya mrusho huanzia chini.

Na kila unapoandika kipimo, andika pia alirusha lini mara ya mwisho. Bega lililorusha jana huweza kusoma pungufu hata saa 24 baadaye.