Simu Haina Maji Mafu



Aliyekaa Kigombe ajua ya kuwa bahari ina kiasi chake. Mvuvi hutazama mwezi na maji: ziko siku za bamvua na ziko siku za maji mafu, za kutoka na za kukaa pwani akishona nyavu. Hata katika mashamba ya mkonge, zao lililoletwa pwani hii na Dk. Hindorf mwaka 1893, kipande cha siku 30 kilimchosha mtu sana. Lakini mkata mkonge alikuwa na ngwe yake, nayo ikiisha hurudi kwake.

Simu ya mkononi haina maji mafu wala ngwe. Mwaka 2006 Mmarekani Aza Raskin alibuni ukurasa usio na mwisho: kidole kisogeapo, mengine huja. Baadaye alijuta. Lakini wenye biashara hiyo hupata faida kwa macho yetu, kwa hiyo hawana haja tufike mwisho. Tena kazi nayo imeingia humo. Mwalimu aliyefunga madaftari yake huulizwa hesabu usiku.

Jioni moja tulikuwa wageni katika nyumba ya Kikristo. Mtoto alileta kitabu amsomee baba yake. Baba, mtu mwema, akasema, "Ngoja kidogo, mwanangu." Mtoto akangoja. Baba alipoiweka simu chini, mtoto amekwisha lala, kitabu kifuani. Hatukuthubutu kumlaumu, maana sisi nasi tulikuwa na simu mkononi.

Hatusemi simu zitupwe. Zatuletea habari za wagonjwa na fedha za jamaa walio mbali. Sheria ya kazi ya nchi yetu ya mwaka 2004 imeweka saa 45 kwa juma kuwa mpaka wa kazi ya kawaida, na pumziko la saa 24. Sheria yaweza kumzuia bwana wa kazi, lakini haimzuii baba na simu yake mwenyewe. Hiyo ni kazi ya nyumba.

Basi na tujikatie ngwe. Jua likichwa, simu zote, za wazee kwanza, ziwekwe kapuni hata chakula na sala viishe. Wakuu wa shule wasiwatume walimu usiku. Mungu alipumzika siku ya saba, wala kazi yake haikuharibika.

Na leo jioni, mtoto akileta kitabu, asiambiwe tena kungoja.