Watu wa Mto Ruvuma Katika Vita vya Bama

Leo nataka kumjibu msikilizaji wetu mmoja wa Tunduru aliyeniandikia barua ndefu, nayo barua yenyewe inastahili kujibiwa mbele ya watu wote. Anasema babu yake alipigana Vita Kuu ya Pili huko Bama, nchi ambayo leo huitwa Myanmar. Mdogo wake babu, tumbo moja, naye alipigana huko huko. Lakini katika karatasi zilizobaki sandukuni, babu ameandikwa kuwa ni askari wa Tanganyika, na mdogo wake ni askari wa Nyasaland. Msikilizaji anauliza mambo mawili. La kwanza, imekuwaje ndugu wawili wakawa watu wa nchi mbili? La pili, Mjapani alimkosea nini mtu wa Ruvuma hata avuke bahari kwenda kupigana naye?

Nianze na la kwanza. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana kwamba Mto Ruvuma uwe mpaka kati yao. Mwaka 1890 Wajerumani na Waingereza nao wakagawana maeneo ya Ziwa Nyasa. Mikataba hiyo ilitiwa sahihi Ulaya. Wayao, Wamakonde, Wamakua, Wangoni na watu wa kando ya ziwa hawakuulizwa, na wala hawakuacha kuvuka kwenda kuoa, kuzika, kulima na kutafuta kazi. Kiyao kikawa lugha ya nchi tatu bila ya kuhama mahali pake: Tanzania, Malawi na Msumbiji za leo.

Sasa, jeshi la kikoloni lilimwandika mtu pale alipojiandikisha, si pale kilipozikwa kitovu chake. Kijana wa Tunduru aliyekwenda Songea kuandikwa alikuwa askari wa Tanganyika. Ndugu yake aliyekuwa amekwenda kutafuta kibarua katika mashamba ya chai ya Mlanje au Cholo, kisha akaandikwa Zomba, alikuwa askari wa Nyasaland. Hata vijana wa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Mreno, wapo waliovuka na kujiandikisha kwa Mwingereza, ingawa Ureno haikuwa upande wowote katika vita ile.

Jeshi lenyewe ni lile ambalo wazee wetu waliliita Keya, yaani King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902. Yeyote mwenye karatasi za mzee wake anaweza kuzisoma kwa njia rahisi. Batalioni ya 6 ilikuwa ya Tanganyika. Vita vilipokua, batalioni mama zilizaa nyingine. Kwa hiyo ukiona 26, 36 au 46, hao ni watoto wa ile ya 6, yaani Tanganyika. Ukiona 22, hao ni watoto wa ile ya 2 ya Nyasaland. Batalioni za 26 na 36 za Tanganyika, na za 2 na 22 za Nyasaland, zote zilikuwa katika divisheni moja, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru. Kwa hiyo inawezekana kabisa ndugu wale wawili walipita katika tope lile lile wakiwa na kifaru yule yule begani.

Nije kwenye swali la pili. Hapa hapana budi turudi nyuma kidogo, kwa sababu watu wa mpaka ule walikuwa wamekwisha kuonja vita vya Wazungu kabla ya hapo. Mwezi Agosti 1914 meli ya Waingereza ilivuka Ziwa Nyasa na kuishambulia kwa mzinga meli ya Wajerumani iliyokuwa imepandishwa nchi kavu pale Liuli kwa matengenezo. Nahodha wa Kiingereza na nahodha wa Kijerumani walikuwa marafiki wa kunywa pamoja, na yule Mjerumani alikuwa hajapata hata habari kwamba vita vimeanza! Tunaweza kucheka leo. Lakini miaka iliyofuata haikuwa ya kuchekwa. Jenerali von Lettow-Vorbeck alipigana kusini mwa nchi hii, akapigana Mahiwa mwezi Oktoba 1917, kisha mwezi Novemba akavuka Ruvuma kuingia upande wa Mreno. Kila jeshi lililopita lilichukua wapagazi na chakula ghalani. Wapagazi walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu kuliko kwa risasi. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile ya kwanza, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina popote.

Kwa hiyo mwaka 1939 vita vya pili vilipolipuka, wazee wa Ruvuma walikuwa wanajua vita ni kitu gani. Tofauti ni kwamba mara hii vita havikuwafuata nyumbani. Wao ndio waliopelekwa kwenye vita.

Je, walikwenda kwa hiari? Jibu la haki ni kwamba wapo waliokwenda kwa hiari na wapo waliosukumwa. Kusini kulikuwa kumeachwa nyuma. Hapakuwa na reli wala viwanda, na fedha ya kodi ilipaswa kupatikana. Songea ilikuwa inapeleka vijana wake manamba, huko kwenye mkonge wa Tanga. Kwa kijana wa namna hiyo, sare, chakula cha kila siku na mshahara wa jeshi havikuwa vitu vya kudharau. Lakini pia majumbe walitakiwa kutoa watu, na serikali ya kikoloni ilitumia sheria ya kulazimisha. Kutoka Tanganyika peke yake walichukuliwa watu zaidi ya 80,000, na kutoka Afrika Mashariki yote pamoja na Nyasaland zaidi ya 300,000.

Walianza na Mtaliano. Mwaka 1941 batalioni za Keya zilipigana Somalia na Uhabeshi, na Addis Ababa ikaangukia mikononi mwa majeshi ya Mwingereza mwezi Aprili. Mwaka 1942 brigedi yenye batalioni za Nyasaland, Kenya na Tanganyika ilipelekwa kisiwani Madagaska kupigana na Wafaransa waliokuwa wakiitii serikali ya Vichy.

Na mwaka huo huo wa 1942 ndipo Mjapani alipoingia katika maisha ya mtu wa Ruvuma, hata yule asiyevaa sare. Mwezi Februari Singapore ilianguka, na mwezi Machi ikafuata Rangoon. Mjapani alishika mpira wa Malaya na katani za Ufilipino na visiwa vya Waholanzi. Mwingereza akageuza macho kwenye mkonge na mpira wa Tanganyika, na watu wakaanza kukamatwa kwa sheria kwenda kufanya kazi mashambani. Kwa hiyo ndugu mmoja angeweza kuwa Bama ameshika bunduki, na mwingine Tanga ameshika panga la kukatia mkonge, wote kwa sababu ya vita moja.

Safari ya baharini nayo ilikuwa vita. Mwezi Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo, imebeba askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, mabaharia na wauguzi wanawake. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga. Meli ilizama katika muda usiozidi dakika tatu. Kati ya watu 1,511 waliokuwemo, waliookoka hawakufika 220. Na jambo linaloumiza zaidi ni kwamba manowari za Waingereza, katika kuisaka ile nyambizi, zilitupa mabomu ya majini pale pale walipokuwa wanaelea watu waliookoka. Walihofu kwamba nyambizi ingeziangamiza meli nyingine za msafara.

Divisheni ya 11 ilikuwa imekwisha kutangulia Ceylon, Sri Lanka ya leo, mwaka 1943. Mwezi Agosti 1944 ikaanza kazi yake kubwa, yaani kuteremka Bonde la Kabaw kutoka Tamu hadi Kalewa. Masafa yenyewe yanazidi kilometa 100, na yaliwachukua miezi minne. Kwa nini? Kwa sababu yalikuwa masika ya Bama. Malori yalizama, barabara ziligeuka mito, na chakula kilidondoshwa kwa ndege. Malaria ilikuwa kali kiasi kwamba bonde lile liliitwa Bonde la Mauti. Wakubwa wa jeshi waliwachagua Waafrika kwa kazi hiyo, kwa sehemu, kwa sababu waliamini kwamba mtu mweusi haumizwi sana na homa ile. Mtu wa Ruvuma aliyezika watoto kwa homa angeweza kuwaambia vinginevyo, lakini nani alimwuliza?

Waliendelea hivyo hivyo, kilima kwa kilima, na tarehe 2 Desemba 1944 Kalewa ikatekwa. Hapo kwenye Mto Chindwin mafundi wa jeshi wakajenga daraja la chuma la kuunganisha vipande, lenye urefu wa mita 350 hivi, ambalo wakati ule lilikuwa refu kuliko yote ya aina yake duniani. Majeshi yaliyoikomboa Bama mwaka 1945 yalipita juu yake. Njia ya kufika pale ilikuwa imefunguliwa na Keya. Kiswahili ndicho kilichoiunganisha divisheni ile, kikisaidiana na Kinyanja katika batalioni za Nyasaland.

Vita vikaisha mwezi Septemba 1945. Wengi walisubiri meli miezi mingi, wakafika nyumbani mwaka 1946. Wakalipwa kiinua mgongo. Hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Nyaraka zilizotangazwa mwaka 2019 zimeonyesha kwamba Mwingereza alipanga malipo hayo kwa rangi ya ngozi. Mzungu wa cheo kile kile aliweza kupata hadi mara tatu ya alichopata Mwafrika. Risasi ya Mjapani haikubagua, karani wa malipo ndiye aliyebagua.

Wapo waliorudi na fikra mpya. Abdulwahid Sykes na mdogo wake Ally, ambao babu yao alitoka Msumbiji kuja kuwa askari wa Wajerumani, walipigana Bama, na baadaye walikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU tarehe 7 Julai 1954. Lakini wengi walirudi kimya kwenye majembe yao, na mpaka ukawasubiri pale pale walipouacha. Kisha Tanganyika ikapata uhuru wake mwaka 1961, Malawi mwaka 1964, Msumbiji mwaka 1975, na kila nchi ikaandika historia yake.

Hilo ndilo jibu langu, ndugu yangu wa Tunduru. Babu yako na mdogo wake hawakuwa watu wa nchi mbili. Walikuwa watu wa nyumba moja waliogawanywa na kalamu. Tanzania ikihesabu wa kwake peke yake, na Malawi wa kwake, na Msumbiji isiwahesabu kabisa wale waliovuka, basi habari za watu wa Ruvuma zitabaki vipande vipande kama karatasi za sandukuni mwako.

Nifanye nini, utauliza. Zinakili karatasi hizo kabla mchwa hawajazifikia. Andika namba ya jeshi, batalioni, na jina kama lilivyoandikwa, hata kama limekosewa, maana makarani wa Kizungu waliandika walichosikia. Kama kuna wa ukoo wako ambaye hakurudi, ile tume ya makaburi inaweza kutafutiwa jina lake hata kwa intaneti. Jaribu tahajia mbili tatu. Pale Taukkyan, karibu na Yangon, kuna mnara wenye majina karibu 27,000 ya wasio na kaburi, na Waafrika wamo. Kisha vuka mpaka, uwaulize na jamaa zako wa upande wa pili wanakumbuka nini.

Waliopigana karibu wote wamekwisha kututoka. Waliobaki ni watoto wao, nao wamezeeka. Waulizeni sasa.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.