Michoro Iliyolazwa Chini ya Wagonjwa

Je, wajua kwamba kuna michoro ya vita iliyookolewa na kipindupindu?

Mwingereza Ronald Searle alikuwa na miaka 21 Wajapani walipoiteka Singapore, Februari 1942, naye akawa mateka. Mwaka uliofuata alipelekwa porini kujenga reli ya kuunganisha Thailand na Burma, kilomita 415 za kupasua miamba na kubeba mataruma kwa tumbo tupu. Usiku alichora. Walinzi wangemkuta na karatasi zile, huenda wangemuua, kwa hiyo alizisukuma chini ya malazi ya wagonjwa wa kipindupindu. Hakuna mlinzi aliyethubutu kuwasogelea. Watu waliokuwa wanakata roho ndio waliomtunzia kazi yake, na takriban michoro 300 ikavuka salama. Leo iko Imperial War Museum, London.

Jack Chalker, mateka mwenzake kwenye reli hiyo hiyo, aliwahi kufumwa na michoro akapigwa vibaya. Hakuacha. Alijitengenezea brashi kwa nywele za binadamu, akawa anaviringisha karatasi, anazitia ndani ya vipande vya mwanzi na kuvifukia ardhini.

Katika hospitali ya kambi ya Chungkai alichora mambo ambayo maneno huyakwepa. Mkwaruzo mdogo tu wa mwanzi uliweza kugeuka donda ndugu na kuula mguu hadi mfupa ukaonekana. Dawa hazikutosha. Daktari alichukua kijiko kilichonolewa akakomba nyama iliyooza, huku wenzake wamemshikilia mgonjwa asifurukute. Chalker alichora pia vifaa vya tiba ambavyo mateka walibuni kwa mianzi na mabati chakavu, na miguu ya bandia ya waliokatwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo michoro yenye uzito kuliko yote, kwa kuwa inaonyesha watu waliokonda wakihangaikiana.

Mateka wapatao 60,000 walifanya kazi kwenye reli hiyo, na zaidi ya 12,000 walikufa. Vibarua wa Kiasia, Watamil, Wamalei, Waburma na Wajava, walikufa wengi zaidi, makumi ya maelfu. Hao nyuso zao ni chache mno kwenye karatasi.

Searle alichapisha mkusanyo mkubwa wa michoro yake ya utekani mwaka 1986, miaka 41 baada ya kuachiliwa.