Dera: Faida Imelala Katika Vipande vya Mwisho

Katika soko la nguo za kina mama za kushindia nyumbani, dera lina nafasi ya pekee kwenye miji ya pwani ya Afrika Mashariki. Kuanzia Kariakoo hadi Darajani na Mombasa, maduka huliuza kwa jumla, wachuuzi hulitembeza mitaani na mafundi cherehani hulishona kwa oda. Mtaji wa kuanzia si mkubwa, wanunuzi wapo mwaka mzima, na saizi ni moja. Sababu hiyo ya mwisho ndiyo inayowavuta wengi kuingia katika biashara hii, na ndiyo inayoweza kuwalia mtaji.

Wiki hii tunafafanua kwa nini "frii saizi" si saizi ya kila mtu, kwa nini aina ya kitambaa ni suala la fedha na si la urembo peke yake, na mambo ambayo mfanyabiashara ayakague kabla ya kulipa.

Hesabu ya mali iliyolala

Tuchukue mfano wa kukokotolea tu, usiowakilisha bei za soko. Mfanyabiashara ananunua madera 100 kwa Sh 10,000 kila moja, jumla Sh 1,000,000. Anayauza kwa Sh 13,000. Kwenye karatasi, faida yake ni Sh 300,000.

Hata hivyo, ili arudishe milioni yake ni lazima kwanza auze madera 77. Faida yote imo ndani ya yale 23 yanayobaki. Yakilala 20, atakuwa amekusanya Sh 1,040,000, yaani ziada ya Sh 40,000 kabla ya kutoa nauli, ushuru na kodi ya kibanda. Ikiwa mtaji ulikuwa mkopo wa VICOBA, riba inaweza kuimaliza ziada hiyo. Kwa hiyo, swali la msingi si dera gani litauzika haraka, bali ni yapi yatakayobaki, na kwa nini.

Rangi isiyopendeza huonekana dukani na mnunuzi huiacha huko huko. Kasoro zinazoumiza ni zile zisizoonekana dera likiwa limekunjwa: upana wake na kitambaa chake.

Upana unaopungua

Dera la kawaida ni vipande viwili, mbele na nyuma, vilivyoungwa ubavuni. Kitambaa cha upana wa inchi 44, ambazo ni karibu sentimeta 112, kikitumika chote kinatoa mzunguko wa zaidi ya mita mbili. Huo unamtosha mwanamke mwembamba na mnene pia. Lakini mshonaji akipunguza sentimeta 15 kwa kila kipande ili kubana gharama, mzunguko unapungua kwa sentimeta 30. Dera bado litaitwa frii saizi, ila mama mwenye mwili mkubwa litampunguzia nafasi ya kukaa, kuinama na kubeba mtoto.

Aidha, madera mengi yana mshono wa ndani unaofuata ubavu na kuacha kitambaa kikining'inia pembeni. Likitandazwa mezani huonekana pana, kumbe sehemu inayovaliwa ni nyembamba. Kipimo cha kweli ni kutoka mshono hadi mshono, kifuani na nyongani, si kutoka pindo hadi pindo.

Urefu nao una wateja wake. Dera linalomfika mrefu kwenye kifundo cha mguu humburuzia mfupi, na linaweza kumwangusha mzee kwenye ngazi. Kwa mwanamke anayetumia kiti cha magurudumu, kitambaa kinachoning'inia kinaweza kunaswa na magurudumu. Anayenyonyesha anahitaji zipu au vifungo mbele. Hawa wote wana fedha za kununua, na muuzaji mwenye saizi moja anawapungia mkono wapite.

Si lazima aagize saizi kumi. Akigawa mzigo wake katika pana na la kawaida, refu na fupi, na machache yenye zipu, atagusa sehemu kubwa ya wateja hao. Fundi akiacha akiba ya sentimeta 3 ndani ya kila mshono, dera litaweza kupanuliwa baadaye badala ya kutupwa.

Kitambaa na uimara wake

Madera sokoni ni ya pamba, reyoni, poliesta au mchanganyiko. Poliesta hutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli. Haikunjamani sana na hukauka upesi, lakini hainyonyi jasho, na kila inapofuliwa hutoa vinyuzi vidogo vya plastiki vinavyoishia kwenye maji. Reyoni hutokana na selulosi ya miti. Ni laini na ya baridi mwilini, ila hupungua nguvu ikilowa, hivyo haitaki kukamuliwa kwa nguvu. Pamba hunyonya jasho na hustahimili kufuliwa, ingawa yaweza kusinyaa mara ya kwanza.

Ukiambiwa ni pamba tupu, chomoa nyuzi chache na uziwashe mbali na mzigo. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu. Reyoni huungua kama pamba, kwa hiyo jaribio hili linafichua poliesta tu.

Tofauti hiyo ni muhimu pia jikoni. Nguo yoyote pana na nyepesi hushika moto kwa urahisi karibu na jiko la mkaa, pamba ikiwemo. Ila poliesta huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Muuzaji anayemweleza mteja hayo, na kumwonyesha dera lenye mikono mifupi la kupikia, hujenga jina.

Kwa upande wa bei, mfano mwingine: dera la Sh 12,000 likidumu miezi 6 linamgharimu mteja Sh 2,000 kwa mwezi. La Sh 20,000 likidumu miezi 20 linamgharimu Sh 1,000. Dera "ghali" ni nusu ya gharama, na takataka zake ni chache.

Pamba ya nyumbani

Tanzania hulima pamba, hasa Kanda ya Ziwa, na kwa kiasi kikubwa kwa kutegemea mvua. Wilayani Meatu, kilimo cha pamba hai kupitia mradi wa bioRe kilianza mwaka 1994. Hata hivyo, sehemu kubwa ya pamba yetu iliyochambuliwa huuzwa nje, nasi tukanunua vitambaa kutoka nje. Khanga ni njia rahisi kwa fundi: kila kipande ni karibu mita 1.5 kwa 1.1, hivyo doti moja hutoa mbele na nyuma bila mabaki mengi. Ila asilitangaze dera kuwa la pamba hai kama hana cheti kinachofuata kitambaa hicho.

Mwekezaji mdogo asitegemee kulindwa na sera peke yake. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Baada ya shinikizo la Marekani, nchi nyingine zililegeza msimamo. Rwanda iliendelea, na mwaka 2018 ilisimamishiwa nafuu ya kuuza nguo Marekani bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Nguo inayodumu na kumtosha mvaaji ina soko mitumba ikiwepo au isiwepo.

Kabla ya kulipa

Nenda dukani na futi ya fundi. Pima kifua, nyonga na urefu wa madera matatu kutoka mafungu tofauti, kwa kuwa la juu huchaguliwa kuvutia macho. Sugua kitambaa kwa leso nyeupe iliyolowa uone kama rangi inatoka. Vuta mshono wa ubavu. Nunua moja, lifue mara mbili nyumbani, kisha lipime tena. Gharama ya dera hilo moja ni ndogo kuliko ya 20 yaliyolala.