Kuku wa Ua Usio na Majani

Kila vuno linapokaribia, wanachama wengi huwafungia kuku wao, na wafanya vyema. Karafuu iliyoanikwa na kuku anayetembea huru haviwezi kukaa mahali pamoja. Kuku akipanda jamvini hupekua, hutawanya, na huacha kinyesi chake. Na karafuu ya namna hiyo ikifika kwenye mizani haitazamwi kwa jicho jema. Magomvi mangapi baina ya jirani na jirani yameanzia hapo, kila mmoja wetu ayajua ya kwake.

Lakini kuku wakisha kufungiwa, jambo jingine huzuka. Mmoja katika sisi tunaoandika ukurasa huu alizungushia makuti upande mmoja wa ua, akatia ndani kuku kumi na wawili. Palikuwa pasafi pa kupendeza, hapana jani hata moja, na kila asubuhi hupigwa ufagio wa chelewa. Mtama wakipewa asubuhi na jioni, na maji hayakukosekana. Juma la tatu koo mmoja mgongo wake ulikuwa mtupu, hauna unyoya. Juma la nne wenziwe walimdonoa hata akatoka damu, na mayai yakawa yaliwa viotani kabla mtu hajaamka. Mwenyewe alidhani ni ugonjwa, akahangaika kutafuta dawa. Wala haukuwa ugonjwa. Kuku wale hawakuwa na kazi ya kufanya.

Yafaa ijulikane kwamba asili ya kuku wetu ni kuku wa porini wa misitu ya Bara Hindi na nchi zilizo mashariki yake. Ndege yule hushinda akipekua majani makavu chini ya miti, akitafuta mbegu na vidudu. Kuku wa nyumbani, ijapokuwa analishwa, ameirithi kazi ile ile. Hata tumbo likishiba, miguu haijui kwamba tumbo limeshiba. Asiyeamini na ajaribu: aweke mtama katika kisahani, na mtama mwingine autie ndani ya majani makavu karibu yake. Ataona kuku anakiacha kisahani mara kwa mara na kwenda kupekua. Sasa, kuku huyu akikosa kabisa cha kupekua, mdomo wake hutafuta kazi kwingine, na kilicho karibu ni manyoya ya mwenziwe.

Twajua kwamba ua uliofagiwa ni heshima ya nyumba, na hatuwaambii mabibi zetu waache fagio. Tunaomba pembe moja tu isifagiwe. Panga magogo ya mnazi yawe mraba, kisha ujaze ndani majani makavu ya mwembe au ya mfenesi, makapi ya mpunga, na makumbi yaliyokatwakatwa. Kina chake kisipungue nusu shubiri, na shubiri nzima ni bora zaidi. Makonyo msiyatie humo. Hayo yana mnunuzi wake. Halafu mtama wa asubuhi, badala ya kuumimina katika sahani, utupeni humo humo, kiganja kimoja kimoja. Kuku watakula kwa muda wa saa nzima chakula walichokuwa wakikimaliza mara moja, na jioni mtawaona wamechoka kama watu waliotoka shamba.

Jambo la kuchunga ni maji. Majani yakirowa huoza na kuota ukungu, na vumbi la ukungu huingia mapafuni mwa kuku na kuwaua. Kwa hiyo pembe hiyo iwe mahali palipoinuka, na ikiwezekana iwe na paa la makuti. Ukitaka kujua hali yake usisimame. Chutama, kichwa chako kifike alipo kuku, uvute pumzi. Ukiona macho yanawasha, basi kinyesi kimezidi, nao kuku wanaivuta hewa hiyo mchana kutwa. Geuza kwa jembe, toa palipolowa, ongeza majani makavu. Kazi hiyo ni ya mtoto, mara moja kwa juma.

Karibu na hapo pawe na shimo dogo la kuogea. Kuku haogi kwa maji. Hujigaragaza katika vumbi kavu, na vumbi hilo humpunguzia utitiri na chawa. Ardhi iliyokanyagwa ikawa ngumu kama sakafu haimfai kitu. Tia mchanga mkavu na jivu la kuni lililopoa, uchanganye, tena ukinge mvua. Kuku wakiingia watatu wanne pamoja, wakilala ubavu na kutanua mbawa, mgeni hudhani wanakufa. Waacheni.

Ama majani mabichi, ua wetu hauna, basi tuwaletee. Mchicha, matembele, majani ya mlonge, vyote ni vizuri. Msiyatupe chini yakakanyagwa. Fungeni kicha kwa kamba, mkining'inize sawasawa na kichwa cha kuku, ili avute na kurukia. Kisamvu kibichi kina sumu, kianikwe kwanza juani mpaka kikauke. Na embe mafuta, yaani parachichi, lisiingie bandani kabisa, si ganda, si kokwa, si jani lake, kwa maana lina kitu cha kuwadhuru ndege.

Kwa vifaranga ipo hila ya kizamani ambayo twasikitika kuona inasahauliwa. Chukua chungu kibovu, ujaze vipande vya makumbi na mavi ya ng'ombe yaliyorowa kidogo, kisha ukipindue juu ya njia ya mchwa wakati wa jioni. Asubuhi kifunue, utakuta kimejaa mchwa. Kung'uta mbele ya vifaranga usimame kando utazame. Chakula hicho hakigharimu senti moja, na hakuna kinachokuza kifaranga kama hicho.

Mengine mnayajua, tutayataja kwa ufupi. Kuku hatoki jasho, hivyo kivuli na maji baridi ni lazima. Apate mti wa kulalia juu usiku. Kiota kiwe na giza kidogo, na kimoja kitoshe makoo wanne au watano. Kiota cheupe chenye mwanga ndicho kinachofundisha kuku kula mayai. Makome yaliyopondwa yawekwe kando, kila anayetaga ajichukulie, maana ganda la yai karibu lote ni chokaa.

Hili la mwisho si dogo. Kuku wakiwekwa pamoja mahali padogo, maradhi ya mmoja ni maradhi ya wote, na mdondo ukiingia hauna dawa. Kinga yake ni chanjo ya matone, tone moja katika jicho la kila kuku, kila miezi minne. Msingoje kusikia kwamba kuku wa mtaa wa pili wameanza kufa. Jirani wakikubaliana kuchanja siku moja, kichupa kimoja chatosha nyumba nyingi.

Na yule mwenzetu? Koo aliyetoka damu alimtenga katika tenga, kwa sababu kuku wakiona damu hawaachi kudonoa, na hakumrudisha mpaka kidonda kilipokauka. Wengine aliwajazia pembe yao majani kwa namna tuliyoieleza. Kudonoana kulikoma baada ya siku chache. Kula mayai kulichukua muda mrefu zaidi, na kuku mmoja hakuacha, ikambidi aende chunguni. Vuno lilipokwisha alifungua ua, akayachota yale majani yaliyosagika na kuchanganyika na kinyesi. Hakuyatia shambani yakiwa mabichi, kwa kuwa mbolea ya kuku ikiwa mbichi huunguza mizizi. Aliyalundika chini ya kivuli miezi mitatu, kisha akayapeleka kwenye miche yake ya mikarafuu.