KUBADILISHA PROGRAMU YA RUTA BILA KUIUA



Wengi wenu mnapata intaneti kwa ruta moja inayotumiwa na kaya kadhaa. Mnachangiana pesa za bando, mnaongea na jamaa walioko Uvira na Bukavu, vijana wanafuata masomo, na wenye ndugu nje wanapata habari za pesa walizotumiwa. Ruta nyingi za namna hiyo zilinunuliwa Bujumbura, na baadhi zilikwisha kutumiwa na mtu mwingine kabla yenu. Katika karatasi hii tunaeleza namna ya kuweka programu mpya ndani ya ruta. Kazi yenyewe ni ya dakika chache, lakini ikiharibika katikati, kaya zote zinakaa kimya.

Ndani ya kila ruta kuna programu iliyowekwa na kiwanda, ambayo mafundi wanaiita fimwea. Hiyo ndiyo inayogawa waifai, inayouliza neno la siri na inayoamua nani aingie. Kiwanda kikigundua kwamba programu hiyo ina tundu la kupitia wezi, hutoa nyingine iliyozibwa, bila malipo. Ruta nyingi za bei nafuu haziichukui zenyewe. Mwenye ruta ndiye anayepaswa kuiweka.

Je, kuna haja ya kujisumbua? Mwishoni mwa mwaka 2016 kampuni ya simu ya Lonestar, nchini Liberia, ilishambuliwa na maelfu ya vifaa vya watu ambao hawakujua lolote: vitu vya nyumbani kama kamera, vilivyotekwa kupitia mtandao na kuamriwa viimiminie kampuni hiyo ujumbe bila kukoma. Novemba mwaka huo huo, wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom huko Ujerumani walikatikiwa mawasiliano wakati wadukuzi walipojaribu kuziteka ruta zao. Mtu mmoja alikiri mashambulizi yote mawili, na kwa lile la Liberia mahakama ya London ilimfunga miezi 32, Januari 2019. Ruta iliyotekwa inaweza pia kumpeleka mwenyewe kwenye ukurasa wa uongo uliochorwa kama ule wa benki, akaandika neno lake la siri humo. Kwa hiyo haja ipo.

Umeme kwanza

Ruta haibadilishi programu kama mtu anavyobadilisha shati. Inafuta kwanza ile ya zamani, kisha inaandika mpya mahali pale pale. Ni kama kuezua paa ili uweke bati mpya: ukishaezua, omba mvua isinyeshe mpaka umalize. Umeme ukikatika katikati, ruta inaamka haina programu ya zamani wala mpya. Taa moja inawaka au zote zinapepesa, na waifai haionekani tena. Ziko ruta zinazohifadhi nakala mbili, na hizo hujiokoa, lakini za bei nafuu aghalabu zina nakala moja tu.

Kila anayeishi Bujumbura anajua jinsi umeme wa Regideso unavyoweza kukatika bila taarifa, Buyenzi na Kinama kama kwingineko. Sisi wenyewe ofisini tulipoteza ruta namna hiyo. Ilikuwa karibu na saa ya chakula, tukasema tumalize haraka, umeme ukaenda. Fundi alijaribu siku mbili, akairudisha ikiwa kopo.

Usitegemee basi umeme wa ukutani. Tumia betri ndogo ya ruta, ile inayokaa kati ya chaji na ruta, au betri ya sola iliyojaa. Kwa wanaotumia sola tunasisitiza jambo moja: soma maandishi madogo kwenye chaji ya ruta kabla ya kuunganisha chochote. Ruta nyingine zinataka volti 12, nyingine volti 9, nyingine 5. TP-Link ya aina ya TL-WR841N, kwa mfano, huja na chaji ya volti 9. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye betri ya volti 12 kwa sababu tundu limeingia sawasawa, unaweza kuiunguza kabla hata ya kugusa programu. Kama huna betri, chagua saa ambazo umeme wa mtaa wenu hutulia, na kamwe usifanye kazi hii wakati wa mvua yenye radi.

Faili la ruta nyingine ni sumu

Geuza ruta juu chini. Kwenye karatasi iliyobandikwa utaona jina la aina, na karibu yake herufi V au neno Ver lenye namba. Vyote viwili ni lazima. Hiyo TL-WR841N imetoka kwa matoleo zaidi ya kumi, kwa nje karibu zinafanana, lakini ndani ni vifaa tofauti. Programu ya toleo la 13 si ya toleo la 14. Mara nyingi ruta hulikataa faili lisilo lake, lakini usiifanyie majaribio kwa mali ya watu kumi. Kama karatasi imebanduka, aina na toleo huandikwa pia kwenye ukurasa wa kwanza wa ruta yenyewe.

Faili lichukue kwenye tovuti ya kiwanda kilichotengeneza ruta, kwenye ukurasa wa aina na toleo lako. Usipokee faili la WhatsApp hata kama aliyelituma ni rafiki, na usimkubalie mtu anayepiga simu akisema yeye ni fundi wa kampuni na anahitaji neno lako la siri ili “akusaidie kwa mbali”. Faili la ruta ndogo kwa kawaida ni megabaiti chache, kwa hiyo anayekwenda Bujumbura anaweza kuwachukulia wengine. Likija likiwa limefungwa kama zip, lifungue kwanza. Likikataa kufunguka huenda halikufika lote, basi lichukue upya.

Sanduku lililoletwa na kampuni ya intaneti ni jambo jingine. Hilo kampuni yenyewe ndiyo inayolitunza, usiligusie programu. Wenye Starlink, iliyoanza kuuza huduma Burundi mwaka 2024, nao hawana kazi hii kwa sababu inajibadilisha yenyewe.

Siku ya kazi

Waarifu wenzako ili asiwepo mtu wa kuchomoa waya achaji simu yake. Andika kwenye daftari, au piga picha, kila kitu kilichomo kwenye ruta: jina la waifai, neno lake la siri, na jina la mtumiaji ulilopewa na kampuni kama lipo. Mara nyingine ruta husahau yote baada ya programu mpya.

Unganisha kompyuta na ruta kwa waya. Kwa simu pia inawezekana, ila waya ni salama zaidi kuliko waifai inayoweza kukatika. Fungua kivinjari, andika anwani iliyo kwenye karatasi ya ruta, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Tafuta palipoandikwa Firmware, au kwa Kifaransa Micrologiciel. Chagua faili lako, ruhusu, halafu ondoa mikono. Ukurasa unaweza kuganda na taa zikazimika na kuwaka. Hiyo si dalili ya kuharibika. Ngoja dakika kumi kamili kabla ya kuamua lolote. Tunavyoona, wengi wanaoua ruta kwa mkono wao wanaiua hapa, kwa kuona imekawia na kuizima.

Ikisha kuamka, badilisha neno la siri la ukurasa wa ruta, hasa kama bado ni admin, na uzime ruhusa ya kuiongoza ruta kutoka nje.

Huenda ukakuta kiwanda kimeacha kutoa programu za ruta yako. Mei 2025 polisi wa FBI wa Marekani walionya juu ya ruta kuukuu za namna hiyo, kwamba wezi wanazikodisha kama njia ya kujificha, na wakashauri zibadilishwe. Asiye na pesa ya nyingine kwa sasa azime ile ruhusa ya nje, abadilishe maneno ya siri, na aizime na kuiwasha mara kwa mara. Lakini ruta kama hiyo msiinunue tena: kabla ya kumpa muuzaji pesa, mtu mmoja aangalie kwa simu tarehe ya programu ya mwisho ya aina na toleo hilo.

Ukimaliza, bandika kipande cha plasta chini ya ruta na uandike tarehe na namba ya programu uliyoweka, ili atakayefuata asirudie kazi.